Amplifaya ya mtumba inavuma: ifuate sauti kabla ya kushika bisibisi

Ukinunua amplifaya nzito ya zamani hapa Dodoma, iwe Sansui iliyoshuka na mzigo wa Japani, Luxman iliyoachwa na mgeni aliyemaliza mkataba, au NAD 3020 iliyochubuka rangi, jiandae kusikia "mmmm" kwenye spika siku ya kwanza. Jiandae pia kwa jibu la mtaani: "Kapasita zimekufa hizo, kaka." Mara nyingine ni kweli. Ila kwa niliyoyaona, mara nyingi zaidi tatizo liko nje ya sanduku: kwenye waya, soketi, king'amuzi, au erthi ya nyumba ambayo aliyeifunga aliimalizia kwa mdomo. Amplifaya inafunguliwa, kapasita nzima zinatolewa, zinawekwa za bei rahisi, na mvumo unabaki palepale.

Kwa hiyo hapa tunaanzia nje kwenda ndani. Bisibisi inakuja mwisho, na kwa wengi wenu haitahitajika.

Jua kwanza unasikia nini

Simamisha muziki, acha amplifaya ikiwaka, sogea karibu. Sauti inatoka kwenye spika au kwenye sanduku lenyewe? Kama huna uhakika, zima, chomoa nyaya za spika, washa tena. Ukiendelea kuisikia, hiyo ni transfoma inatetemeka, nimeizungumzia mbele. (Amplifaya ya vali, ile yenye mirija ya kioo inayowaka ndani, isihusike na jaribio hili. Vali haziwashwi bila spika, zitaunguza transfoma ya kutolea sauti.)

Kama inatoka kwenye spika, sikiliza uzito wake. Umeme wetu ni volti 230, 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo unaoingia kutoka nje, kupitia nyaya za sauti au erthi, kwa kawaida ni wa 50 Hz: mzito, wa chini, laini. Ndani ya amplifaya, umeme ukishapita kwenye dayodi unatoka na mapigo 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita kubwa ni kuyalainisha. Zikichoka, unachosikia ni cha 100 Hz, kimepanda kidogo na kina ukali wa "zzzz" ndani yake. Kama sikio halijazoea, pakua programu yoyote ya bure inayochora masafa ya sauti, weka simu mbele ya wufa, uone mstari mrefu umesimama 50 au 100. Usiiamini peke yake lakini. Spika ndogo hazitoi 50 Hz vizuri, kwa hiyo hata kosa la nje linaweza kujitokeza kwenye 100 na 150.

Jaribio linalogawa tatizo nusu kwa nusu

Zima amplifaya. Chomoa kila waya wa mawimbi nyuma yake: TV, deki, santuri, simu, antena ya redio. Acha waya wa umeme na wa spika tu. Rudisha volyumu chini kabisa, washa, sikiliza. Kisha ipandishe taratibu.

Ikinyamaza, amplifaya yako ni nzima na unapaswa kufurahi. Rudisha kifaa kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja sikiliza. Kitakachorudisha mvumo ndicho cha kushughulikia.

Ikivuma na volyumu ikiwa sifuri, na ukiipandisha mvumo haubadiliki, kosa liko baada ya volyumu: hatua ya nguvu (ile inayosukuma spika) au ugavi wa umeme wa ndani. Ikivuma na kuongezeka kadiri unavyopandisha, kosa liko kabla ya volyumu: swichi ya kuchagua chanzo, hatua ya awali (ile inayopokea sauti kutoka kwenye vyanzo), au jeki iliyolegea.

Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980, NAD 3020 ikiwemo, zina zawadi nyuma yake: vipini viwili vya chuma vyenye umbo la U vinavyounganisha hatua ya awali na hatua ya nguvu. Zima, subiri dakika, vichomoe, washa tena. Ikinyamaza, hatua ya nguvu iko salama. Isiponyamaza, hatua ya awali haina hatia. Kabla ya kuvirudisha visugue kwa kitambaa mpaka ving'ae, maana kutu yake tu inatosha kuleta mvumo au kuua upande mmoja. Nimeona watu wakiuziwa transista mpya kwa tatizo la vipini hivi.

Mvumo unakuja na TV, king'amuzi au dishi

Huyu ndiye mshukiwa namba moja kwenye nyumba za hapa, kwa hiyo nikae naye kidogo.

Mzee mmoja jirani wa Area C, mstaafu aliyehama na vyombo vyake kutoka Dar es Salaam, aliniita kwa ajili ya amplifaya yake ya Kijapani. Baada ya shikamoo na chai akasema, "Mwanangu, kule Dar hii kitu ilikuwa kimya kabisa. Huku imeugua." Fundi alikuwa ameshamwambia aache mzigo. Nikazunguka nyuma ya meza, nikachomoa waya mmoja tu, ule mweusi mnene unaotoka kwenye dishi kwenda kwenye king'amuzi. Sebule ikatulia. Mzee akasimama, akausogelea ukuta, akacheka: "Kumbe dishi!" Dar hakuwa na dishi. Huku mlingoti wake ulikuwa umechomelewa kwenye nondo za dirisha.

Kinachotokea ni hiki. Amplifaya imeshika erthi kupitia plagi yake ya pini tatu. King'amuzi nacho kimeshika ardhi kupitia waya wa dishi, mlingoti na ukuta. Sehemu hizo mbili za ardhi hazina volti sawa. Ni kama simtanki mbili zenye kina tofauti cha maji ukiziunganisha kwa bomba: lazima kitu kitiririke. Bomba lenyewe ni ganda la nje la waya wako wa sauti, ule mwekundu na mweupe, na amplifaya haijui kwamba mtiririko huo si muziki. Inaukuza kama inavyokuza vingine.

Dawa ya kwanza haina gharama: TV, king'amuzi na amplifaya vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Mara nyingi mvumo unapungua sana. Ukibaki, na TV yako ina tundu la sauti la mwanga, nunua kibadilishi kidogo (DAC) cha kugeuza sauti ya dijitali iwe ya kuingia kwenye amplifaya, na waya wake wa optiki. Mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo kitanzi kinakatika kabisa, na sauti inabaki safi. Njia ya tatu ni kile kikopo chenye transfoma mbili ndogo kinachouzwa kwa ajili ya redio za magari, cha kukata mvumo. Kinachomekwa katikati ya waya wa sauti. Kinafanya kazi, ila vile vya bei ya chini vinakula besi. Sikiliza kabla hujalipa kama muuzaji anaruhusu.

Kuna vitenganishi vingine vya kuweka kwenye waya wa antena. Kwa antena ya kawaida ni sawa. Kwa dishi usinunue bila kuuliza: kile kichwa cha dishi kinalishwa volti 13 au 18 kupitia waya huohuo, na kitenganishi cha kawaida kitazikata. Utakuwa na ukimya mzuri sana na skrini isiyo na picha.

Halafu kuna "dawa" ambayo siitaki kuisikia: kukata pini ya erthi kwenye plagi ya amplifaya. Mvumo utaisha, ni kweli. Siku waya wa moto ukichubuka na kugusa bodi, sanduku zima litakuwa na volti 230 na hakuna kitakachoangusha breka. Mtoto ndiye atakayeigusa.

Mvumo au mlio mwembamba unakuja na chaja ya laptop au simu

Chomoa chaja, laptop iendelee kwa betri. Ikinyamaza, umemaliza uchunguzi. Chaja za pini tatu hutengeneza kitanzi kilekile cha erthi. Za pini mbili huvujisha mkondo mdogo kupitia kapasita yao ya kuzuia kelele, ndiyo ile hali ya mkono kusisimka ukipapasa laptop ya bati inayochajiwa. Sikiliza muziki kwa betri, au tumia kipokezi cha Bluetooth. Hicho nacho kikilishwa na chaja mbovu kinapiga "wiii". Kichomeke kwenye pawabenki ujue kosa ni la nani.

Ukigusa sanduku la amplifaya mvumo unapungua

Mwili wako umefanya kazi ya erthi, maana yake erthi yenyewe haipo au imechoka. Anzia karibu. Plagi bapa za Kijapani za pini mbili hazina erthi kabisa, na wengi wetu tunazilazimisha kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kijiti au kalamu ya biki kwenye tundu la juu. Acha. Soma kwanza volti kwenye kibati cha nyuma (nimeizungumzia mbele), kisha fundi aweke waya wa nyuzi tatu na plagi ya pini tatu iliyofungwa vizuri, maana plagi peke yake kwenye waya wa nyuzi mbili haileti erthi.

Kisha fungua ekstensheni. Nasema hivyo kwa sababu zipo nyingi sokoni zenye matundu matatu kila mahali na waya wa nyuzi mbili tu ndani. Ukitoa skrubu za chini utaona vipande vitatu virefu vya shaba, au vya bati lililopakwa rangi ya shaba. Viwili vina waya uliotiwa risasi. Cha tatu, cha erthi, kimekaa kama pambo, hakijaunganishwa na chochote. Ekstensheni ya namna hiyo haitengenezeki, maana waya wenyewe hauna uzi wa tatu. Nunua waya wa nyuzi tatu wa milimita 1.5 za mraba na soketi imara, mwambie fundi akuundie moja. Ndiyo matumizi bora zaidi ya fedha katika makala hii yote.

Kama ekstensheni ni nzima, tazama fimbo ya erthi nje ya nyumba. Dodoma ni nchi kavu: mvua zinaanza Desemba, zinaisha Aprili, kisha miezi mingi udongo unakauka kwenda chini. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na fimbo fupi iliyopigwa juujuu wakati wa masika inaweza kuwa haina kazi ifikapo Septemba. Jaribu hivi: zima umeme kwenye meinswichi, mwaga ndoo kadhaa za maji kwenye shimo la fimbo, acha yanywee, washa, sikiliza. Ukiona tofauti, mwite fundi umeme mwenye leseni aongeze fimbo ndefu au aongeze fimbo ya pili, na apime kwa kifaa chake, si kwa macho. Wengine hujaza chumvi na mkaa shimoni. Inasaidia kwa muda, ila chumvi inaila fimbo.

Santuri pekee ndiyo inavuma

Hapa mvumo kidogo usikutie hofu, maana kazi inayofanyika ni kubwa. Kichwa cha sindano hutoa milivolti 5 hivi, wakati deki ya CD hutoa volti 2, yaani mara 400 zaidi. Juu ya hapo, hatua ya santuri inainua masafa ya 50 Hz karibu mara saba ukilinganisha na sauti ya 1,000 Hz, kwa sababu ndivyo santuri zilivyochongwa: besi hupunguzwa wakati wa kukata, hurudishwa wakati wa kupiga. Chochote cha 50 Hz kinachopita jirani kinabebwa humo.

Tafuta kwanza ule waya mwembamba wenye uma mdogo mwishoni unaotoka kwenye mashine ya santuri. Ufunge kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya iliyoandikwa GND. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi umekatika au mtu aliukata akidhani hauna kazi. Ukiwepo na mvumo ukaendelea, inua mashine uisogeze mbali na amplifaya huku ukisikiliza. Ukipungua kwa kusogeza au kuzungusha, unanyonya usumaku wa transfoma, na dawa ni umbali. Stebilaiza nayo ina transfoma, usiiweke chini ya santuri. Ukivuma upande mmoja tu, chomoa taratibu nyaya nne ndogo zenye rangi nyuma ya kichwa cha sindano, moja moja, zisafishe, uzirudishe kwenye rangi zake.

Upande mmoja unavuma, mwingine kimya

Badilisha nyaya za sauti kushoto kwa kulia nyuma ya amplifaya. Mvumo ukihama, kosa liko kwenye waya au chanzo. Ukibaki upande uleule, uko ndani ya amplifaya au kwenye swichi yake. Nyaya za spika zenyewe karibu kamwe hazileti mvumo. Anayekuuzia nyaya za spika za bei mbaya kwa sababu hiyo anatafuta ada ya shule.

Waya wa sauti ambao ganda lake la nje limekatikia kwenye jeki hutoa mvumo mkubwa unaobadilika ukiushika. Tupa, nunua mwingine.

Kila kitu kimechomolewa, volyumu sifuri, bado inavuma

Sasa ndiyo kapasita. Kama mvumo ni wa 100 Hz na uko pande zote mbili sawasawa, shuku ugavi wa umeme wa ndani. Kapasita za miaka ya 1970 zimeishi zaidi ya umri wake, na joto huzimaliza haraka. Dalili za macho ni kichwa kilichovimba au ukoko chini yake, lakini nyingi hufa zikiwa na sura nzuri kabisa. Kipimo ni testa kwenye AC (umeme wa mapigo), ikiwa juu ya njia ya DC (umeme wa moja kwa moja), amplifaya ikiwaka. Hiyo ni kazi ya anayejua mkono wake uko wapi.

Kama hujui, ishia hapa. Kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kwenye amplifaya ya transista ni volti 40 hadi 80 zenye nguvu ya kuyeyusha ncha ya bisibisi. Kwenye ya vali ni volti mia kadhaa, za kuua. Anayejua huzimaliza kwa rezista ya ohmu 1,000 ya wati 10, anasubiri dakika, kisha anapima kuhakikisha. Ile tabia ya kugonganisha miguu kwa bisibisi mpaka itoe cheche inaharibu kapasita na inatisha watoto.

Kapasita mpya iwe na volti sawa au zaidi ya ya zamani, mikrofaradi zilezile au zaidi kidogo, na iwe ya nyuzi joto 105. Ukipewa ya volti 50 mahali pa 63 kwa maelezo kwamba "inabeba hiyo", irudishe.

Mvumo mkubwa ghafla, na koni ya spika imesukumwa

Zima. Usisikilize mara ya pili. Transista ya kutolea imekufa na spika yako inalishwa umeme wa moja kwa moja. Sekunde chache zinatosha kuchoma wufa. Amplifaya nyingi nzuri zina rilei inayobofya sekunde chache baada ya kuwasha. Isipobofya, mara nyingi imekataa kuunganisha spika kwa sababu hiyohiyo. Usiiruke kwa waya. Kwa amplifaya yoyote ya transista uliyoipata sasa hivi, kabla ya kufunga spika pima DC kwenye matundu ya spika: chini ya milivolti 50 ni sawa, ikizidi 100 iende kwa fundi kwanza.

Spika kimya, sanduku lenyewe linavuma

Geuza amplifaya, soma kibati cha nyuma. Hili ndilo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei.

Ikiwa imeandikwa 100V, ilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Kuichomeka kwenye 230 ni kuiua papo hapo, kwa hiyo itahitaji transfoma ya kushusha. Tatizo ni kwamba transfoma nyingi za kushusha madukani hutoa 110, kwa ajili ya vyombo vya Marekani. Hapo umeizidishia asilimia 10, na umeme wa mtaa ukipanda kufika 240 usiku wa manane, ni asilimia 15. Chuma cha ndani kinashiba usumaku, transfoma inanguruma, joto linapanda, na volti za ndani nazo zinapanda kwa kiwango hichohicho, zikisogelea kikomo cha kapasita zilizowekwa bila nafasi kubwa ya ziada. Tafuta ya kushusha hadi 100 kamili, na uwezo wake uzidi kwa mbali wati zilizoandikwa kwenye kibati. Amplifaya inayosema wati 300 iipe ya VA 500 kwenda juu (VA ndiyo kipimo cha uwezo wa transfoma).

Jambo zuri la mizigo ya Japani ni kwamba nchi hiyo ina masafa mawili, 50 Hz mashariki na 60 magharibi, kwa hiyo vyombo vyake vimeundwa kuvumilia yote. Cha soko la Marekani kilichoandikwa 120V 60 Hz pekee ni tofauti. Hata ukikishushia volti sawasawa, 50 Hz yetu inakibebesha chuma chake mzigo zaidi, na kinaweza kunguruma na kupata joto maisha yake yote hapa. Mimi nisingenunua, labda kwa bei ya kutupa. Cha Uingereza, Quad 405 kwa mfano, kinakula umeme wetu moja kwa moja. Ukikuta kile kiswichi cha nyuma cha kuchagua volti kina 220 na 240, kiweke 240.

Kama volti ni sahihi na transfoma ni ya mviringo, huenda kuna DC kidogo kwenye umeme wa nyumba. Transfoma za mviringo haziwezi kuivumilia. Draya ya nywele kwenye nusu nguvu ni chanzo kinachojulikana: mvumo unakuja saluni ya jirani ikifungua na kuondoka ikifunga. Vipo vizuizi vya DC vya kuweka kati ya soketi na amplifaya, na fundi mzuri anaweza kukuundia. Inveta za sola za bei rahisi, zile zenye mawimbi ya ngazi, nazo hufanya transfoma yoyote ilie. Kwa hizo hakuna dawa zaidi ya inveta ya mawimbi safi.

Wakati mwingine ni skrubu za transfoma zimelegea tu. Zikaze, basi.

Vidogo vingine

"Trrr-trrr-trrr" kabla ya simu kuita ni simu yako, isogeze. Mikwaruzo ukizungusha volyumu ni vumbi letu jekundu ndani ya kitasa. Dawa ya kusafishia kontakti, pulizia, zungusha mara nyingi, imeisha. Mafuta ya kula si dawa ya kontakti. Kelele inayokuja ukiwasha taa ya sebuleni ni ya dima au taa ya ledi mbovu. Na ukifungua kifuniko ukakuta mjusi aliyekauka juu ya miguu ya transista, usishangae, kule ndani kuna joto zuri la usiku.

Ukimpelekea fundi

Mwandikie kwenye karatasi: mvumo uko pande ngapi, unabadilika na volyumu au la, unabaki kila kitu kikichomolewa au la, ulifanyaje ulipochomoa vipini vya U. Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia nusu siku. Mwombe vipuri vya zamani urudishiwe. Na mwulize kama ana balbu ya majaribio, yaani balbu ya zamani ya uzi iliyofungwa mfululizo kwenye njia ya umeme. Amplifaya ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, hakuna kinachoungua. Ikiwa nzima, inamulika kidogo na kufifia. Asiyekuwa nayo anawasha na kuomba Mungu.

Ikishanyamaza

Kipimo ni kiti chako. Volyumu iwe pale unapoiweka kila jioni, muziki umesimama, ukiwa umekaa usisikie kitu. Ukitia sikio kwenye wufa na kusikia kimvumo chembamba, hiyo ni hali ya kawaida ya chombo cha umri huo, hasa cha vali. Acha kukifukuza.

Nguvu nyingi usizitafute. NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 kwa kila upande, na sebule ya kawaida ya mitaa ya Dodoma kama Kisasa au Ilazo haihitaji zaidi kwa kusikiliza. Kuongeza wati maradufu ni desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Kitu kinachoharibu sauti kwenye nyumba zetu ni vigae, kuta tupu na madirisha ya alumini, vinavyorudisha kila kitu usoni. Zulia mbele ya spika, pazia zito na kabati la vitabu vitakupa zaidi ya amplifaya ya bei mara tatu. Spika ziondoe ukutani nusu mita uone besi inavyojisafisha.

Kabla ya kulaumu chombo, simamisha wimbo. Rekodi nyingi za zilipendwa zilizonaswa kwenye tepu zina mvumo wake humohumo, na ukisimamisha unakatika. Na ukipiga rekodi za ilimba ya Wagogo, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, mathalani za mwanamuziki Hukwe Zawose, utasikia kila noti ikitoka na mzizimo wa "zzz". Usianze kuchomoa nyaya. Watengenezaji hutoboa tundu kwenye sanduku la ilimba na kulifunika kwa utando wa buibui ili lilie hivyo. Ni rekodi nzuri kuliko nyingi za kupimia chombo: kwenye mfumo unaovuma, mzizimo huo na mvumo vinachanganyika kuwa tope moja, na kwenye mfumo safi unausikia umesimama peke yake juu ya noti.

Usiku ndio wakati wake, joto likiwa limeshuka na mashine za kuchomelea za mtaa zimezimwa. Acha sentimita 10 wazi juu ya amplifaya, kitambaa cha vumbi kiwekwe ikiwa imezimwa na imepoa. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, bonyeza swichi ya amplifaya iwe imezimwa, na ukirudi subiri dakika chache utulie kabla ya kuwasha tena.